Matibabu ya Figo Nyumbani: Kwa Nini Wengine Huyaacha?



Liko swali moja ambalo limeletwa mara nyingi katika mikutano ya matawi yetu, nasi tumeona afadhali lijibiwe hapa kwa kirefu, ili kila mwanachama alisome kwa nafasi yake na kumsomea mwenzake asiyejua kusoma. Swali lenyewe ni hili: Kama mgonjwa wa figo anaweza kutibiwa nyumbani, kwa nini watu wasumbuke kwenda hospitali kila juma? Na kama matibabu ya nyumbani ni mazuri, kwa nini katika nchi yanakotolewa wako wagonjwa wanaoyaacha?

Mara ya mwisho aliyeuliza ni ndugu mmoja kutoka kambi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa. Dada yake figo zimekufa, naye husafishwa damu kwa mashine mjini Lilongwe mara mbili kwa juma. Toka Dzaleka mpaka Lilongwe ni zaidi ya kilomita 40. Siku ya mashine mama huyo huamka alfajiri, hupanda minibasi, hulala kwenye mashine kwa muda wa saa nne, kisha hurudi kichwa kinazunguka. Juma moja nauli haikupatikana. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili nayo ikapita. Miguu ikavimba, kisha uso, na usiku akashindwa kulala chali kwa sababu pumzi ilikuwa ikikatika. Majirani wakachanga, akafikishwa hospitali, akaokoka. Ndugu huyo alituuliza: "Iko dawa ya mifuko ambayo mtu hujiwekea mwenyewe nyumbani. Kwa nini dada yangu asipewe hiyo, tukaachana na barabara?"

Kabla hatujamjibu, mwanachama mwingine akasema amesikia kuwa huko ng'ambo watu hupewa mifuko hiyo kisha huiacha, maana ni wavivu wa kufuata masharti. Wengine wakacheka. Ndugu yule wa Dzaleka hakucheka.

Makala hii ni jibu kwa wote wawili.

KAZI YA FIGO

Kila mtu ana figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, zimelala upande wa nyuma wa tumbo, kando ya uti wa mgongo. Kazi yake ni kuchuja damu usiku na mchana na kutoa uchafu na maji yaliyozidi, ambayo ndiyo mkojo. Tena hupima chumvi za mwili. Iko chumvi moja iitwayo potasiamu, ambayo ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo ghafula. Figo zikifa, uchafu hubaki ndani, na maji hujaa miguuni na hatimaye kwenye mapafu.

Vinavyoua figo kwa wingi ni shinikizo la damu lisilotibiwa na ugonjwa wa kisukari. Virusi vya UKIMWI navyo huweza kuziharibu. Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba figo hufa polepole bila maumivu, na wengi hugundua wakati zimekwisha.

Dialisisi ni kuifanya kwa njia nyingine ile kazi iliyoshindwa na figo. Haizifufui figo zilizokwisha kabisa. Kwa hiyo aliyeanza hana budi kuendelea siku zote za maisha yake, isipokuwa apandikizwe figo ya mtu mwingine. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kule Dar es Salaam ilifanya upandikizaji wake wa kwanza Novemba 2017, lakini kwa mfanyakazi wa kawaida wa Malawi njia hiyo ingali mbali.

NJIA ZENYEWE

Njia ya kwanza ni mashine. Damu hutolewa mwilini kwa mrija, hupitishwa kwenye chujio, kisha hurudishwa. Hapa Malawi hii ndiyo njia iliyozoeleka kwa mgonjwa wa kudumu, nayo hufanyiwa hospitalini. Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe inazo mashine hizo, na vilevile Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre.

Njia ya pili ni ya tumbo. Ndani ya tumbo uko utando mwembamba unaofunika matumbo, wenye mishipa mingi midogo ya damu. Daktari humtia mgonjwa mrija laini chini ya kitovu, na mrija huo hubaki hapo siku zote. Mgonjwa humimina maji ya dawa kutoka kwenye mfuko, kwa kawaida lita 2, yakakaa tumboni saa nne mpaka sita. Maji hayo yana sukari na chumvi maalumu. Sukari huvuta maji yaliyozidi mwilini, na uchafu hupenya utando na kuingia kwenye dawa. Kisha mgonjwa huyatoa yote na kuweka mapya. Hufanya hivyo mara nne kwa siku. Hii ndiyo ile "dawa ya mifuko" aliyoitaja ndugu yetu. Haihitaji mashine, wala umeme, wala safari ya kila juma.

Tuseme pia jinsi matibabu ya nyumbani yalivyoanza, maana historia hii inatuhusu. Mwaka 1964 katika mji wa Seattle huko Marekani, na London huko Uingereza, mashine zilianza kupelekwa majumbani kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi, na hospitali hazikuwa na vitanda wala fedha za kuwatosha. Njia ya mifuko ilibuniwa mwaka 1976 na Popovich na Moncrief katika mji wa Austin, Texas. Tangu wakati huo serikali nyingi zimeipenda kwa sababu hospitali huhitaji mashine chache na wauguzi wachache.

Sasa sisi watu wa chama tukisikia kwamba mahali fulani wafanyakazi wamepunguzwa na kazi bado inafanyika, huuliza mara moja: ni nani basi anayeifanya?

HII NI KAZI, TENA HAINA SIKUKUU

Tupige hesabu. Kubadilisha mfuko mmoja, pamoja na kunawa, kumwaga na kujaza, huchukua nusu saa au zaidi. Tuseme dakika 35. Mara nne kwa siku ni saa 2 na dakika 20. Kwa juma zima ni zaidi ya saa 16, sawasawa na zamu mbili za kiwandani. Katika zamu hizo hakuna Jumapili, hakuna Krismasi wala Idi, hakuna likizo, na hakuna mtu wa kupokea zamu. Kwa mwaka mifuko hubadilishwa mara 1,460.

Tena kuna kubeba. Lita 2 mara nne ni lita 8 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni mifuko 120, lita 240, yaani uzito unaozidi kilo 240. Mzigo huo hauna budi kuletwa nyumbani kila mwezi na kuwekwa mahali pakavu pasipo na jua kali, panya wala vumbi.

Hiyo ni kazi ya muuguzi, ya mchukuzi na ya mtunza ghala, imehamishwa toka hospitali na kuwekwa juu ya mgonjwa na watu wa nyumbani kwake bila mshahara. Hatusemi hivyo kwa kuipinga njia yenyewe. Njia hii imeokoa watu wengi, nao wapo wanaofanya kazi, wanaolea watoto na kulima huku wakiitumia. Tunasema hivyo ili msomaji, anapofika kwenye sababu za kuacha, asome kama mfanyakazi anayesoma habari za mfanyakazi mwenzake aliyechoka.

SABABU ZA KUACHA

1. Wadudu wa maradhi kuingia tumboni. Hii ni miongoni mwa sababu kubwa kila mahali. Katika zile mara 1,460 kwa mwaka, kila mara mrija hufunguliwa, na kila mara mdudu anaweza kupita kama mikono haikunawiwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, au upepo umeleta vumbi, au kuku amepita chumbani. Dalili zake ni maji yanayotoka kuwa na ukungu kama ya kuoshea mchele, tumbo kuuma, na homa. Mgonjwa akiwahi hospitali siku hiyo hiyo, dawa huwekwa ndani ya mfuko na mara nyingi hupona. Akichelewa, au ikiwa maji hayarudi kuwa safi, mrija hutolewa, na ndio mwisho wa matibabu ya nyumbani kwa muda au kwa moja kwa moja. Wengine hufa.

Ndugu wanaoishi Dzaleka wanajua maana ya jambo hili. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000, na leo ina zaidi ya 50,000. Wengi wanatoka Kongo, Burundi na Rwanda. Maji hupangiwa foleni kwenye pampu na kubebwa kichwani. Familia nzima hulala katika chumba kimoja au viwili vya matofali ya udongo. Mtu wa namna hiyo akiugua tumbo tukasema "hakufuata masharti," tumemsingizia. Sharti la kwanza ni maji, na maji hayako mikononi mwake.

2. Mrija kugoma. Mrija huweza kuziba, kusogea au kukunjika. Hata choo kigumu huweza kuusukuma ukaacha kutoa maji. Wengine hupata ngiri kwa sababu ya uzito wa maji tumboni, hasa wanaonyanyua mizigo. Mambo hayo mengi hurekebishika, lakini lazima awepo daktari wa kuyarekebisha karibu. Mgonjwa aliye mbali huona mrija hautoi, hungoja kesho, kisha kesho kutwa, mpaka amevimba.

3. Utando kuchakaa. Baada ya miaka, ile sukari ya dawa pamoja na maradhi ya tumbo ya mara kwa mara huufanya utando kuwa mgumu, usichuje tena vizuri. Vilevile wengi huanza matibabu wakiwa bado wana mkojo kidogo unaosaidia, na mkojo huo ukikoma, mifuko peke yake huenda isitoshe. Huyu hana kosa lolote. Chombo kimechakaa kama mkanda wa mashine unavyochakaa, naye hana budi kuhamia mashine ya hospitali.

4. Uchovu wa mgonjwa na wa anayemhudumia. Hii ndiyo sababu isiyoandikwa sana kwenye vyeti, nasi twaona ni kubwa. Mgonjwa hulala na mrija, huoga kwa hadhari, hana raha katika ndoa yake, na kila baada ya saa chache hukumbushwa kuwa yeye ni mgonjwa. Wengi huingia katika huzuni nzito ambayo nayo ni ugonjwa, na iko dawa yake. Pembeni yake yuko mtu wa pili, ambaye mara nyingi ni mke, binti au mama. Huyu naye huacha biashara, au huacha shule. Siku akiugua yeye, au akijifungua, au akifiwa na kulazimika kusafiri, matibabu husimama. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeubeba ndiye ajuaye uzito wake.

5. Fedha na ugavi. Hata pale mifuko inapotolewa bure, sabuni si bure, barakoa si bure, na nauli ya kufuata mifuko si bure. Mifuko yenyewe, kama haitengenezwi nchini, huagizwa kwa fedha za kigeni. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani, dola moja ikapanda kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700. Kitu chochote cha kuagizwa nje kilipanda. Mgonjwa akianza kubadilisha mara tatu badala ya nne ili mifuko ifike mwisho wa mwezi, ameanza kuacha bila mwenyewe kujua.

6. Kudhani amepona. Baada ya miezi ya kwanza uvimbe huisha, chakula hupanda, nguvu hurudi. Mtu husema sasa ni mzima, au huambiwa na mtu anayemwamini kwamba dawa ya mizizi au maombi yamemaliza. Hatumkatazi mtu kuomba. Aombe na abadilishe mfuko. Ambaye figo zake zimekwisha kabisa, akiacha dialisisi kabisa, kwa kawaida huishi majuma machache tu, mara nyingi juma moja au mawili.

Wapo pia wanaoacha kwa heri, yaani waliopandikizwa figo, au walioona mashine inawafaa zaidi wakahamia huko kwa ushauri wa daktari. Na wapo wazee na wagonjwa wa maradhi mengi ambao, baada ya kuzungumza na daktari na jamaa zao, huamua kwamba imetosha. Hao nao wanastahili heshima na dawa za kuondoa maumivu mpaka mwisho.

MFANO WA WENZETU WA THAILAND

Mwaka 2008 nchi ya Thailand iliamua kwamba mgonjwa wa figo aliye chini ya bima ya umma aanzie na dawa ya mifuko, bure. Nchi hiyo ina wakulima wengi walio mbali na miji, kama sisi. Jambo la kuangalia ni kwamba hawakugawa mifuko tu. Shirika la posta lilipewa kazi ya kuifikisha majumbani, wauguzi waliwafunza wagonjwa, na watu wa kujitolea wa afya vijijini walipita kuwatazama. Maelfu kwa maelfu ambao wangekufa waliishi.

Hata hivyo wapo walioacha kwa sababu zile zile tulizozitaja. Mwaka 2022 serikali hiyo ilibadili sharti, mgonjwa akaruhusiwa kuchagua pamoja na daktari wake, na wengi walichagua mashine. Funzo tunalolipata ni mambo mawili. La kwanza, matibabu ya nyumbani husimama pale mzigo wa kilo 240 unapobebwa na gari la posta, na muuguzi anapopita mlangoni. La pili, mtu akipewa hiari huweza kusema kwamba nyumba yake haifai, na kusema hivyo si kosa.

BARABARA NAYO HUACHISHA

Ndugu zetu wasije wakadhani tunaisifu barabara ya Lilongwe. Sababu zinazomfanya mtu aache mifuko ni ndugu wa zile zinazomfanya aache mashine: nauli, uchovu, kukosa msaidizi. Kwa mkimbizi kuna nyongeza. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliwekea mipaka vipengele kadhaa, vikiwemo vya kazi ya mshahara na vya uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliagiza wakimbizi walioko mijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi wakawakamata wengi Lilongwe na kuwapeleka kambini. Mtu aliyehamia karibu na hospitali kwa ajili ya mashine, akirudishwa kambini, amerudishiwa kilomita 40 zake. Na asiyeruhusiwa kufanya kazi ya mshahara atapata wapi nauli ya mara mbili kwa juma?

Kwa mfanyakazi mwenye ajira iko hesabu nyingine. Sheria ya Ajira ya Malawi ya mwaka 2000 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo ruhusa ya ugonjwa ya majuma 4 kwa mshahara kamili na majuma 8 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Sheria ni nzuri, lakini haikupimwa kwa ugonjwa huu. Anayefanya kazi siku sita kwa juma ana siku 24 za mshahara kamili na 48 za nusu. Akienda kwenye mashine siku mbili kila juma, zile 24 zitakwisha katika majuma 12, na zile 48 katika majuma 24 mengine. Jumla majuma 36. Mwaka una majuma 52. Majuma 16 yaliyobaki mgonjwa yuko mikononi mwa mwajiri. Na kibarua wa msimu wa tumbaku, ambaye hatimizi miezi 12, hana hata siku ya kwanza.

Basi ndipo mtu anapoanza kuruka siku ya mashine ili asipoteze kazi, na kuipoteza nafsi yake.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tupime mapema. Kupima shinikizo la damu ni dakika tano, na kupima mkojo na sukari si jambo kubwa. Kila tawi liombe uongozi wa kiwanda au shamba ulete mpimaji, angalau mara moja kwa mwaka. Aliyepewa vidonge vya shinikizo asiviache anapojisikia vizuri. Na tuache tabia ya kumeza vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kila siku baada ya kazi nzito. Vikitumiwa hivyo kwa muda mrefu huumiza figo, hasa kwa anayefanya kazi juani bila maji ya kunywa. Maji ya kunywa na kivuli cha kupumzikia mashambani ni madai ya chama, wala si hisani ya nyapara.

Pili, mwenye ugonjwa asifichwe na asicheke mtu. Akisema "nimechoka," hilo ni neno la kumpeleka kwa muuguzi, kama vile akisema "tumbo linauma." Wengi huacha kimya kimya kwa sababu waliona haya kusema mapema.

Tatu, tawi lenye mgonjwa liwe na zamu ya kumsaidia. Mmoja aende naye siku ya mashine, mwingine achote maji, mwingine akae na watoto. Mfuko wa kufa na kuzikana tunao karibu kila mahali. Twauliza: kama tunaweza kuchanga kwa ajili ya jeneza, kwa nini tushindwe kuchanga nauli mtu angali hai?

Nne, katika mikataba ya hali bora za kazi tudai kifungu cha ugonjwa wa muda mrefu: kubadilishana zamu, kazi nyepesi, na siku za mashine zisikatwe kwenye ruhusa ya kawaida. Mwajiri asidanganywe kwamba mgonjwa wa figo hafai tena kazi. Wengi wanafaa wakipangiwa vizuri.

Tano, siku dawa ya mifuko itakapoletwa kwa upana katika nchi hii, tusiipokee kwa makofi tu. Tuulize: Nani ataleta mifuko mlangoni? Maji safi yako wapi? Nani amefunzwa mbali na mgonjwa, ili awe msaidizi wa pili? Usiku maji yakiwa na ukungu, apigiwe nani simu? Na mtu akishindwa, iko nafasi yake kwenye mashine, au ameachwa? Maswali hayo yaulizwe Dzaleka vilevile kama Kanengo, Thyolo na Dwangwa. Kituo cha afya cha Dzaleka hutibu wakimbizi na wenyeji wa vijiji vya jirani, na maradhi ya figo hayaulizi kitambulisho.

Sita, kwa wale walioko kwenye mashine sasa: siku ikikosekana kwa sababu yoyote, punguza sana maji na chumvi, acha ndizi, parachichi, nyanya na viazi, kisha utafute njia ya kufika hospitali bila kungoja zamu yako ijayo. Pumzi ikikatika, au moyo ukienda ovyo, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo.

KWA NDUGU WAWILI

Kwa ndugu wa Dzaleka twasema hivi. Dawa ya mifuko ipo, na si uongo. Lakini pasipo maji ya kutosha, chumba kisafi, mzigo kuletwa na mtu wa kukupokea zamu, ingeweza kumhamisha dada yako kutoka hatari ya barabara na kumtia katika hatari ya nyumbani. Twaona kwamba leo, kwa hali ilivyo, kazi ya haraka zaidi ni nauli yake na mtu wa kwenda naye. Hilo tumelipeleka kwenye tawi, na orodha ya zamu imeanza kuandikwa.

Kwa ndugu aliyesema wanaoacha ni wavivu, tunamwomba arudie ile hesabu yetu: mara nne kwa siku, siku 365, kilo 240 kwa mwezi, bila mshahara na bila wa kumpokea. Kisha ajiulize kama katika kiwanda chake angekubali zamu hiyo. Sisi tunajua angeitisha mkutano siku ya pili, na chama kingesimama naye. Basi na tusimame na hawa.

Umoja ni nguvu.